Sinema za Upanga: Uasi wa Nani, Ushindi wa Nani?

Sanaa inayopendwa na watu wengi kwa muda mrefu inastahili kuchunguzwa kwa makini. Haitoshi kuisifu kwa sababu inapendwa, wala haitoshi kuilaani kwa sababu imetengenezwa na mabepari. Kazi ya mhakiki ni kuuliza: sanaa hiyo inawaambia watu nini, inasema kwa niaba ya tabaka gani, na kwa nini watu wanakubali kuisikiliza? Katika makala haya tutauliza maswali hayo kuhusu sinema za upanga, yaani zile filamu za maharamia wa baharini, watoro wa msituni na waungwana waliofunika nyuso zao, zilizotengenezwa Hollywood hasa kati ya mwaka 1920 na 1952, na ambazo mpaka leo zinatazamwa na kuigwa.

Hoja yetu ni hii. Sinema hizo hazijachuja kwa sababu mwanzo wake unasema kweli. Zinaanza na dhuluma ambayo kila mnyonge anaifahamu: kodi isiyolipika, mahakama ya wakubwa, binadamu kuuzwa kama ng'ombe. Lakini mwisho wake unaurudisha uasi mikononi mwa mfalme. Anayetaka kuzielewa lazima ashike mambo yote mawili. Akishika moja na kuliacha la pili, atapotoka.

CHIMBUKO

Mtu aliyeipa aina hii ya filamu umbo lake ni Douglas Fairbanks. Mwaka 1919 yeye, Mary Pickford, Charlie Chaplin na D. W. Griffith waliunda kampuni ya United Artists ili wasiwe chini ya amri ya makampuni makubwa. Mwaka uliofuata alitoa "The Mark of Zorro", kisha zikafuata "The Three Musketeers" (1921), "Robin Hood" (1922), "The Thief of Bagdad" (1924) na "The Black Pirate" (1926). Filamu hizo hazikuwa na sauti, kwa hiyo hazikuhitaji mkalimani. Fairbanks na Pickford walipozuru Moscow mwaka 1926 walizingirwa na umati mkubwa wa watu, na picha za ziara hiyo zikatumiwa na mwongozaji Sergei Komarov katika filamu ya vichekesho ya mwaka 1927. Raia wa nchi iliyokuwa imemwondoa mfalme wake mwaka 1917 walikuwa wakimshangilia mwigizaji wa Kimarekani anayeruka ukuta na upanga mkononi. Ni wazi basi kwamba mvuto wa sinema hizi hauwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba watazamaji wamelaghaiwa.

Kilele cha pili kilikuja wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 takriban robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Desemba 1935 kampuni ya Warner Bros. ilitoa "Captain Blood", iliyoongozwa na Michael Curtiz. Waigizaji wakuu, Errol Flynn na Olivia de Havilland, walikuwa bado hawajapata jina. Kisa chake ni cha daktari, Peter Blood, anayekamatwa kwa kosa la kumtibu mwasi aliyejeruhiwa katika uasi wa mwaka 1685 dhidi ya Mfalme James wa Pili wa Uingereza. Anahukumiwa, anasafirishwa, anauzwa Jamaika, anatoroka na wenzake kwa kuteka merikebu, na anakuwa haramia.

Katika filamu hiyo kuna tukio ambalo mhakiki hapaswi kulipita. Kabla ya kuanza kazi yao mpya, maharamia wanapatana masharti: ngawira zitagawanywa kwa utaratibu unaojulikana na wote, na atakayepoteza kiungo atalipwa fidia. Jambo hili halikubuniwa na Hollywood. Maharamia wa karne ya 17 walikuwa na mapatano ya namna hiyo kweli. Sasa tuangalie wakati wenyewe. Ni Agosti ya mwaka huo huo 1935 ndipo Marekani ilipopata sheria ya taifa ya pensheni ya uzeeni na ya msaada kwa wasio na kazi. Mfanyakazi aliyekaa gizani akitazama watumwa watoro wakiwekeana bima ya mkono na mguu hakuwa anatazama ndoto tupu. Alikuwa anatazama dai lake mwenyewe, limevishwa mavazi ya zamani.

NGUVU YA FANI

Maudhui peke yake hayatoshi kueleza mapenzi ya watu. Hotuba nyingi zina maudhui mazuri na wasikilizaji wanasinzia. Sinema za upanga zina fani yake, na fani hiyo inahusiana moja kwa moja na maudhui.

Kwanza, zinaipa dhuluma sura. Katika ubepari mnyonyaji haonekani kwa urahisi. Mtu anapunguzwa kazini kwa barua, bei ya zao lake inapangwa katika jiji asilolijua, na deni lake limo katika daftari la benki. Katika sinema ya upanga mdhalimu anasimama mbele yako, ana jina, ana kicheko chake, na anaweza kufikiwa kwa ncha ya chuma. Katika "The Adventures of Robin Hood" (1938) pambano la mwisho kati ya Robin na Guy wa Gisbourne linashuka ngazi za ngome mpaka wapiganaji wanatoka nje ya picha, na kwa muda tunaona vivuli vyao tu vikipigana juu ya nguzo. Kwa dakika hizo hatutazami tena watu wawili. Tunatazama haki na dhuluma zikikabana koo.

Pili, zinasifu mwili uliofunzwa. Mbelgiji Fred Cavens, aliyepanga mapambano ya filamu nyingi za aina hii, aliwafundisha waigizaji kwa mazoezi marefu. Basil Rathbone, aliyeigiza Gisbourne, alikuwa hodari wa upanga kuliko Flynn aliyekuwa akimshinda mbele ya kamera. Burt Lancaster, nyota wa "The Crimson Pirate" (1952), alikuwa mwanasarakasi kabla ya kuwa mwigizaji, na katika filamu hiyo anaruka pamoja na Nick Cravat, mwenzake wa siku za sarakasi. Mtazamaji anajua kwamba anachokiona kimefanywa na misuli ya binadamu. Anayebeba mizigo, anayelima au anayevua samaki anaheshimu jambo hilo, maana naye anaishi kwa misuli yake.

Tatu, stelingi wa sinema hizi anacheka. Robin anaingia katika ukumbi wa adui zake na paa mzima mabegani, anamtupa juu ya meza ya Mwana wa Mfalme John, kisha anaketi na kula. Hofu ndiyo mjeledi wa kwanza wa kila mtawala dhalimu, na anayemcheka mtawala usoni pake ameupokonya mjeledi huo. Hapa kwetu Afrika Mashariki watazamaji walilifupisha somo hili katika maneno mawili: stelingi hafi. Wasomi wamezoea kuyadharau maneno hayo. Lakini ndani yake mna hamu ya watu kuona, angalau kwa saa mbili, kwamba anayesimama upande wa haki hafutwi duniani.

MFALME MWEMA

Sasa tugeukie mwisho wa hadithi. Katika "Captain Blood" James anaondolewa kwenye kiti cha enzi, William wa Tatu anaingia, na Blood anapewa nafasi katika jeshi la wanamaji la mfalme mpya. Anapigana na Wafaransa na anazawadiwa ugavana wa Jamaika. Mtumwa mtoro amekuwa mtawala wa kisiwa alichouzwa, na mashamba ya miwa yanabaki pale pale. Katika "The Adventures of Robin Hood" Mfalme Richard anarudi kutoka vitani, anampa Robin cheo na ardhi, na kumwoza Marian. Katika "The Mark of Zorro" ya mwaka 1940 baba yake Zorro, ambaye ni kabaila mwenye ardhi, anarudishiwa madaraka. Katika "Scaramouche" (1952), inayosimuliwa katika siku za Mapinduzi ya Ufaransa, shujaa anagundua kwamba yule bwana mkubwa aliyekuwa anamwinda ni ndugu yake kwa baba. Mgongano wa matabaka umegeuzwa ugomvi wa nyumba moja.

Kanuni basi ni moja. Dhuluma haitokani na mfumo. Inatokana na mtu mbaya aliyekalia kiti cha mtu mwema. Kiti chenyewe hakiulizwi. Na anayeongoza uasi karibu kila mara ni lodi, mwana wa kabaila au msomi. Mkulima anashika mshale, anakufa kwa uaminifu, na anashangilia siku ya arusi.

Historia inatuonyesha jinsi kanuni hiyo inavyopindua ukweli. Katika filamu ya Robin Hood, John anakusanya kodi kwa kisingizio cha kumkomboa Richard aliyetekwa, kumbe anataka kuzitia mfukoni. Ukweli ni kwamba fidia ya Richard, iliyofikia marki 150,000, ilitozwa kwa ajili ya Richard mwenyewe. Mwaka 1193 watu wa Uingereza walitakiwa kutoa robo ya mapato na mali zao zinazohamishika. Mfalme huyo alitawala kwa miaka 10 na alikaa Uingereza kwa miezi kama sita tu. "Mfalme mwema" ndiye aliyekuwa chanzo cha kodi. Filamu imechukua dhambi ya ufalme mzima na kumtwisha ndugu mmoja.

ALIYEFICHWA

Kwa msomaji wa Afrika kuna swali zito zaidi. Watumwa wanaopewa majina, maneno na machozi katika Jamaika ya "Captain Blood" ni Wazungu. Ni kweli kwamba mamia ya waasi wa mwaka 1685 walipelekwa visiwa vya Karibi kwa nguvu, na waliteswa. Lakini hukumu yao ilikuwa ya miaka 10. Wakati huo huo Waafrika walikuwa tayari wengi kuliko Wazungu katika kisiwa hicho, na utumwa wao haukuwa na kikomo. Uliwarithi watoto na wajukuu. James, kabla ya kuwa mfalme na baada yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyopewa hati mwaka 1672 na kupewa ukiritimba wa biashara ya watumwa ya Waingereza. Na je, yule William aliyemkomboa Daktari Blood? Mwaka 1698, katika utawala wake, Bunge lilivunja ukiritimba huo ili wafanyabiashara wote wa Kiingereza waweze kwenda Afrika kwa kulipa ushuru wa asilimia 10. Biashara ya kuuza watu ikapanuka. Mfalme aliyeleta uhuru mwisho wa filamu ndiye ambaye chini yake minyororo iliongezwa.

"The Sea Hawk" (1940) inafuata njia hiyo hiyo. Nahodha Geoffrey Thorpe, aliyechorwa kwa mfano wa Francis Drake, anateka merikebu ya Kihispania na kuwafungulia Waingereza waliofungwa kwenye makasia. Ni tukio zuri, na katika mwaka wa vita dhidi ya Hitler lilikuwa na maana yake. Lakini Drake wa historia alisafiri na John Hawkins mwaka 1567 hadi 1568 katika msafara wa kuteka na kuuza Waafrika, na Malkia Elizabeth mwenyewe alikuwa amemkodisha Hawkins merikebu yake mwaka 1564 kwa biashara hiyo. Mfungua minyororo wa filamu alikuwa mfunga minyororo.

Na waasi wa kweli wa Jamaika? Walikuwapo. Tangu Waingereza walipoiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, Waafrika waliotoroka waliishi milimani na kupigana nao. Mwaka 1690 watumwa wa shamba la Sutton, wilaya ya Clarendon, waliasi na wengi wakakimbilia milima hiyo. Mwaka 1739 Waingereza walilazimika kutia sahihi mkataba wa amani na watoro hao. Hapo palikuwa na msitu, mapambano, nahodha na ujasiri, vyote vya kutosha filamu kumi. Hollywood ya miaka ile haikuviona.

WALIOUOGOPA UPANGA

Je, tuseme basi kwamba sinema hizi ni kasumba tupu? Tukisema hivyo tutashindwa kueleza kwa nini wenye nguvu waliziogopa. Mwaka 1953 mjumbe wa tume ya vitabu vya shule katika jimbo la Indiana, Marekani, alidai hadithi ya Robin Hood iondolewe shuleni kwa kuwa kuwapokonya matajiri na kuwapa maskini ni mafundisho ya kikomunisti. Mwaka 1954 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana walimjibu kwa kugawa manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi ya kijani. Ring Lardner Mdogo, mwandishi wa filamu aliyefungwa jela mwaka 1950 kwa kukataa kuhojiwa na kamati ya Bunge kuhusu siasa zake, alinyimwa kazi Hollywood. Yeye na mwenzake Ian McLellan Hunter, aliyepigwa marufuku kama yeye, waliandika kwa majina ya bandia mfululizo wa televisheni wa "The Adventures of Robin Hood", uliotengenezwa Uingereza na Hannah Weinstein kati ya 1955 na 1959. Waliofukuzwa kazi walimkuta mtoro wa Sherwood akiwangojea. Ndani yake waliweza kuandika juu ya wasaliti, mahakama za uonevu na kodi za dhuluma, na watoto wa nchi mbili wakawasikiliza.

Lakini hapa pia lazima tukamilishe picha. Mfululizo huo ulianza kuonyeshwa Uingereza Septemba 1955. Kila wiki watoto wa Kiingereza walimshangilia mtu aliyeingia msituni kwa sababu ya ardhi na kodi. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Uingereza ilikuwa inawawinda watu walioingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kwa sababu ya ardhi. Katika hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Dola ile ile iliyomwimba mtoro wa msituni wa karne ya 12 ilimwita mtoro wa karne ya 20 gaidi. Sababu si ngumu kuielewa. Robin wa filamu anapiga goti mfalme anaporudi. Kimathi hakuwa na mfalme wa kumpigia goti, na ardhi aliyoidai ilikuwa chini ya miguu ya walowezi walio hai.

UASI KAMA BIDHAA

Tusisahau pia kwamba sinema ni kiwanda, na ndani ya kiwanda kuna mwajiri na mwajiriwa. Olivia de Havilland, aliyeigiza Marian, alifungwa na Warner Bros. kwa mkataba wa miaka saba. Kila alipokataa sehemu aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara, na siku za kusimamishwa zikaongezwa juu ya mkataba. Mwaka 1943 aliishtaki kampuni, na mwaka 1944 mahakama ya rufani ya California ikampa haki: miaka saba ni miaka saba. Hukumu hiyo iliwanufaisha waigizaji wote waliomfuata. Katika filamu Marian aliokolewa na wanaume wenye panga. Katika maisha de Havilland aliwavunja wenye kampuni kwa msimamo wake mwenyewe.

Siku hizi bidhaa imekuwa kubwa zaidi. Filamu ya Disney "Pirates of the Caribbean: Dead Man's Chest" ya mwaka 2006 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani. Adui wake ni kampuni kubwa ya biashara ya baharini inayotaka kuimeza dunia. Yaani moja kati ya makampuni makubwa kabisa ya burudani linawauzia watu chuki yao dhidi ya makampuni, na faida inarudi kwa wenye hisa. Ubepari hauogopi hasira ya watu maadamu inalipiwa tiketi na inaishia mlangoni.

JUKUMU LETU

Kada anayewakuta vijana wakitazama sinema hizi ana njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kukunja uso na kusema ni upuuzi wa mabeberu. Vijana watamsikiliza kwa adabu, kisha watarudi kutazama, na watakuwa wamejifunza kwamba siasa haina furaha. Ya pili ni kusema ni burudani tu, na kuwaachia wengine kazi ya kuwafundisha watoto wetu nani ni shujaa na nani ni kivuli cha nyuma.

Njia iliyo sahihi ni kuzitazama pamoja nao na kuuliza maswali matatu. Nani anateseka mwanzoni? Nani anatawala mwishoni? Nani alikuwapo katika historia lakini hayupo katika picha? Kijana akizoea maswali hayo hatahitaji kukatazwa kitu. Atafurahia mruko wa Lancaster, na ataona mwenyewe kwamba katika "The Crimson Pirate", tofauti na nyingine nyingi, maharamia wanaishia upande wa wananchi wa kisiwa wanaomwasi mfalme. Atajua kupepeta pumba na kubakiza mchele.

Lakini uhakiki peke yake haujazi pengo. Afrika imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kujaza. Med Hondo wa Mauritania alitoa "Sarraounia" mwaka 1986, filamu kubwa ya farasi, moto na majeshi, kuhusu malkia wa Wazna aliyeukabili msafara wa Kifaransa wa mwaka 1899 katika nchi ambayo sasa ni Nijeri. Ilipata tuzo kuu ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1987. Ndani yake mna kila kitu ambacho mpenzi wa sinema za upanga anakitafuta: hatari, ujasiri, adui mwenye sura. Hamna mfalme wa mbali anayekuja mwishoni kugawa haki kama zawadi. Haki inalindwa na wale wale walioipigania, na wanaendelea kuishi juu ya ardhi yao.

Watu watazidi kumpenda mwenye upanga anayecheka mbele ya mdhalimu, na wana haki ya kumpenda. Kinachobaki kuamuliwa ni jambo moja: vita vikiisha, upanga unakabidhiwa nani.